Bastola ya Mkono wa Kulia Mkononi mwa Mwenye Shoto

SWALI: Ndugu Mwandishi, Assalaam alaykum. Mimi ni mlinzi wa kampuni binafsi hapa Chake Chake, Pemba, na nina shoto tangu utotoni. Siku zote nimelinda kwa shotigani, lakini hivi karibuni nimepelekwa kwenye kikosi cha kusindikiza fedha na nimekabidhiwa bastola ambayo kizuizi chake cha usalama, kitufe cha kutolea magazini (kasha la risasi) na komeo la slaidi (chuma cha juu kinachoteleza) vyote viko ubavu wa kushoto. Nikiishika kwa mkono wangu, dole gumba halifiki hata kimoja. Je, vitu hivyo vinaweza kugeuzwa, au nijilazimishe kutumia mkono wa kulia? – Msomaji, Chake Chake.

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Takriban mtu mmoja katika kila kumi ana shoto, lakini bastola nyingi zimeumbwa kana kwamba watu hao hawapo. Bastola iliyobuniwa na John Browning na kupokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1911 iliviweka vyote hivyo ubavu wa kushoto, ambako dole gumba la mkono wa kulia hulala lenyewe, na watengenezaji wengi waliofuata wakashika mpangilio huohuo. Kwa hiyo usijione kuwa una kasoro, wala usikimbilie kubadilisha mkono. Vitu ulivyovitaja havina uzito sawa, na kila kimoja kina dawa yake.

Kitufe cha kutolea magazini ndicho chepesi zaidi. Katika bastola nyingi za sasa, kwa mfano Beretta 92 na Glock kuanzia toleo la nne la mwaka 2010, fundi hukichomoa na kukipachika ubavu wa pili. Kuna tahadhari moja ambayo watu huisahau: kitufe hushika magazini kwa kuingia katika pengo dogo lililochongwa ubavuni mwake, na magazini za zamani zina pengo upande mmoja tu, hivyo kitufe kikigeuzwa magazini hizo hazishiki. Bastola nyingine hazina tatizo hili tangu kiwandani. Heckler & Koch USP ya mwaka 1993 ina kiwiko chini ya kikingio cha kifyatulio, ambacho hubonyezwa kutoka ubavu wowote, na Makarov ya Kirusi ina komeo la magazini chini kabisa ya mpini, mahali ambapo mkono wa kulia na wa kushoto ni sawa.

Ikiwa bastola yako haigeuziki, angalia kidole chako cha shahada kinapolala. Kwa mwenye shoto, kidole hicho kimenyooka juu ya ubavu wa kushoto wa bastola, na ukikikunja kidogo kurudi nyuma ncha yake inakutana na kitufe. Kibonyeze kwa kidole hicho, na magazini itadondoka bila mkono kuhama kwenye mpini. Mimi naona njia hii ina heri ndani yake, kwa kuwa kidole kinachobonyeza kitufe hakiwezi wakati huohuo kuwa juu ya kifyatulio.

Komeo la slaidi, linaloishika slaidi ikiwa nyuma, lisikusumbue. Baada ya kuweka magazini mpya, ivute slaidi kwa nyuma kwa mkono wa kulia kisha iachie, nayo itarudi yenyewe na kuingiza risasi.

Kizuizi cha usalama, ambacho walinzi wengi hukiita sefti, ndicho kinachohitaji uamuzi wa makini. Hiki lazima kifunguliwe na kufungwa na mkono ulioshika silaha, bila mshiko kulegea. Unaposindikiza fedha mkono wako wa kulia unaweza kuwa umeshika mfuko au unafungua mlango wa gari, na ikiwa ni lazima mkono huo uje kuondoa sefti, basi kwa wakati huo huna silaha. Mbaya zaidi ni mazoea ya kuizungusha bastola kiganjani ili dole gumba lifike ubavu wa pili, kwa sababu mshiko hupotea na mtutu huelekea pasipotakiwa. Suluhisho bora ni bastola yenye sefti pande zote mbili, kama Beretta 92FS, au CZ 85 ambayo ni CZ 75 iliyopangwa upya kwa ajili ya mikono yote miwili, ama bastola isiyokuwa na sefti ya dole gumba, kama Glock nyingi zilivyo.

Kwa bastola za mtindo wa 1911 kuna sefti za pande mbili zinazouzwa peke yake, na hapa nakuomba sana usiguse tupa. Ndani ya bastola hiyo sefti huzuia kile chuma kidogo kinachoshikilia nyundo, na lazima ichongwe kidogo kidogo mpaka ikae sawasawa na chuma hicho. Ikichongwa kupita kiasi, kwa nje utaona imefungwa na hata mlio wake utausikia, ilhali kifyatulio kikivutwa nyundo inaweza kuanguka. Kazi hiyo ni ya fundi wa silaha aliyefunzwa. Tena bastola si yako bali ni ya mwajiri, kwa hiyo mwandikie barua, eleza tatizo, na omba kwanza ubadilishiwe silaha kabla ya kuomba hiyo uliyonayo ifanyiwe marekebisho.

Katika barua hiyohiyo omba ala ya mkono wa kushoto, inayofunika kifyatulio chote. Ala ya mkono wa kulia ikivaliwa kiunoni upande wa kushoto huugeuza mpini ukaelekea mbele, nawe utalazimika kukunja kifundo cha mkono kila unapochomoa. Ukipata bastola yenye sefti pande mbili, hakikisha kila siku kwamba kile kiwiko cha ubavu wa nje hakisukumwi na ala au koti unapotembea, maana hufunguka bila mwenyewe kujua.

Kisha fanya mazoezi bila risasi, mbele ya mkufunzi wako: magazini iwe nje, chemba, yaani nafasi ya risasi nyuma ya mtutu, ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole, na risasi ziwe chumba kingine.

SWALI: Mimi ni mkufunzi mstaafu. Zama zetu kila mwanafunzi alifundishwa kulenga kwa mkono wa kulia, hata mwenye shoto, ili mstari mzima uende sawa. Je, utaratibu huo bado una hoja? – Mzee wa Mwanakwerekwe, Unguja.

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Ulikuwa na hoja pale ambapo silaha na ala zote zilikuwa za namna moja. Leo naupinga kwa moyo wote, kwa kuwa kuvuta kifyatulio pasipo kutikisa mtutu ni kazi ya kidole chenye wepesi, na wepesi huo mwenye shoto anao kushoto. Hata ikiwa jicho lake lenye nguvu ni la kulia, kwa bastola anaweza kuisogeza kidogo au kugeuza kichwa kidogo, na shabaha ikapatikana.

Ninachoshauri ni kupanga mstari kwa busara. Anayetumia mkono wa kulia, akivuta slaidi, mtutu wake huelekea kukengeuka kushoto. Mwenye shoto hukengeuka kulia. Mweke basi mwisho wa mstari upande wa kulia, pasipo na jirani, na mkufunzi asimame nyuma ya bega lake la kushoto ili aweze kuudaka mkono wenye silaha. Kila mwanafunzi afunzwe pia kuitumia bastola kwa mkono wake dhaifu, kwani mkono ukijeruhiwa hata anayetumia wa kulia atajikuta hafikii sefti. Na ghalani, magazini zinazokubali kitufe kilichogeuzwa zitiwe alama ya rangi na zikae rafu ya peke yake, zisije zikachanganywa na za zamani asubuhi ya zamu.