Ukisaini mkataba wa kutunza makazi ya ndege, shamba linachukuliwa?

Ndugu uliyeuliza kama ukikubali kuacha nyasi kwa ajili ya ndege utanyang'anywa shamba: hapana, hati inabaki kwa jina lako. Ila isome ile karatasi vizuri kuliko nilivyoisoma mimi.

Sisi tuko Kinangop, Nyandarua. Ndege mwenyewe kwa jina la kisayansi ni Macronyx sharpei, kifua cha manjano, mgongo rangi ya nyasi kavu, na nje ya Kenya hapatikani popote. Hutaga chini, kwenye mashada ya nyasi ngumu ambazo ng'ombe hawazitaki, ndiyo maana wakulima tunazing'oa. Ukilima viazi au ukipanda mikaratusi, hana pa kukaa.

Nilisaini na kikundi fulani miaka mitano: ekari tatu nisizilime wala kuzichoma. Wengi hudhani mifugo hairuhusiwi. Wapi! Nyasi zikirefuka mno, ndege huyu hazitaki, kwa hiyo kondoo wangu waliendelea kula kama kawaida. Malipo yalikuwa kiduchu. Mwaka wa tatu pesa za mradi zikaisha, simu zikawa hazipokelewi. Karatasi ilisema mimi nikivunja nirudishe pesa. Wao wakivunja, haikusema kitu.

Mdogo wangu akashauri tukodishe ekari moja kwa mtu wa viazi. Bei ilikuwa nzuri, sidanganyi. Trekta ilimaliza kazi asubuhi moja. Baada ya mavuno tuliiacha ipumzike. Nyasi zimeota, tena laini, lakini mashada hayajarudi hadi leo, na ndege akifika kwenye alama ya jembe anageuka.

Basi uliza: mradi ukifa, nani analipa? Na sharti linakufunga wewe, au linaifunga ardhi? Langu lilinifunga mimi tu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamruhusu mwenye ardhi kuweka kwa hiari sharti la uhifadhi juu ya ardhi yenyewe, hata atakayeinunua kesho alikute. Hilo usilisaini kabla hujakaa na mkeo na watoto. Ni wao watakaoishi nalo.

Ekari mbili zilizobaki hazina mkataba wowote sasa. Nafuga kondoo tu, na asubuhi namkuta jamaa juu ya nguzo ya seng'enge akiimba. Ukitaka nakala ya karatasi yangu ya zamani uone kilichokosekana, sema nikutumie.