Kabla hujasema "nimempata"

Mwaka juzi dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinitumia picha ya kiwanja kutoka Muscat anakoishi. "Mdogo wangu, niangalizie. Dalali anasema ni Kigamboni na kuna mtu mwingine anakitaka." Kiwanja kilikuwa kizuri, nguzo za umeme zipo, na kwa nyuma milima ya rangi ya samawati. Kigamboni na milima wapi na wapi?

Namna ya kuanza kutafuta mahali picha ilipopigwa nilikuwa nimeiona kwenye kazi ya mwaka 2018 ya BBC Africa Eye, kitengo cha habari za uchunguzi cha BBC. Ilisambaa video ya wanajeshi wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili, na serikali ya Kamerun ikasema ni habari ya uongo. Wachunguzi walianza na mlima uliokuwa nyuma ya tukio. Waliulinganisha na picha za setilaiti hadi wakafika Zelevet, kaskazini kabisa mwa Kamerun, jirani na mpaka wa Nigeria. Majengo yaliyokuwepo na yasiyokuwepo yakawapa mwaka. Vivuli vya watu, vinavyoonyesha jua lilikuwa wapi angani, vikawapa kipindi chenyewe: kati ya 20 Machi na 5 Aprili 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanajeshi wanne kifungo cha miaka 10.

Basi nami nikaanza na mlima. Kutafuta tarehe na mahali ndani ya faili lenyewe kungekuwa kupoteza muda, maana picha ikipita WhatsApp taarifa hizo huwa zimeshaondolewa. Nikakata kipande cha mlima peke yake nikakipitisha Google Lens, kisha Yandex, ambako unatafuta kwa picha badala ya maneno. Patupu. Nikafungua Google Earth, ramani ya dunia ya picha za setilaiti, nikashuka hadi chini kama mtu aliyesimama barabarani, nikawa naizunguka Morogoro taratibu. Usiku wa pili mgongo wa Uluguru ukakaa sawasawa na ule wa kwenye picha. Dalali alipobanwa akasema ile ilikuwa "picha ya mfano".

Tukamwomba namba za ramani (koordineti) za mahali kiwanja kilipo, akazituma. Hapo ndipo Google Earth ya kwenye kompyuta inapokulipa, kwa sababu inakuruhusu kuona picha za eneo lilelile za miaka iliyopita. Kiwanja kipo kweli Kigamboni. Ila kwenye picha moja iliyopigwa wakati wa masika, kiwanja chote kilikuwa dimbwi. Usiridhike na picha ya kiangazi.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa wa ukoo. Nikaenda TanzLII, zinakowekwa hukumu za mahakama zetu, nikaandika jina la dalali. Ikatoka kesi ya kujipatia fedha kwa udanganyifu, majina yote mawili yakifanana na yake. Nikapiga picha skrini nikairusha kwenye kundi la familia: "Huyu hapa, tapeli." Hukumu yenyewe sikuisoma hata ukurasa wa pili.

Niliisoma baada ya wiki. Mshtakiwa alikuwa mkazi wa mkoa mwingine, na mwaka wa kosa dalali wetu alikuwa kidato cha nne. Picha ya mahafali yake iko wazi kwenye ukurasa wa shule. Majina ya kwetu yanajirudia mno. Siku hizi jina pekee silihesabu kuwa kitu. Nataka vitu vingine viwili visivyotegemeana nalo, na kabla sijafungua mdomo najiuliza: kama nimekosea, ni kitu gani kingenionyesha? Nakwenda kukitafuta hicho kwanza.

Mengine ni ya kawaida. Hifadhi ukurasa kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandaoni, siku hiyohiyo unapouona, na uandike kiungo na saa, maana tangazo la kiwanja chetu lilifutwa mara tu tulipoanza kuuliza. Na usifungue akaunti ya uongo ili ukubaliwe urafiki na mtu. Hapo umetoka kwenye taarifa za wazi, zile ambazo yeyote anaweza kuziona, umeingia chumbani kwa watu, na Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022.

Kiwanja dada hakununua. Dalali nilimwandikia ujumbe mrefu wa kumwomba radhi, kwa sababu ile picha skrini ilishavuka kundi la familia ikamfikia. Alama mbili za bluu zikatokea. Hajajibu hadi leo.