Maswali ya Wasomaji: Waigizaji wa Chini ya Bango

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza kuhusu filamu za zamani zilizotengenezwa na Waingereza kwa madai ya kusimulia habari za Afrika. Nimechagua nne kati ya hizo, kwa sababu hazimuulizii nyota ambaye kila mtu anamfahamu, bali zinamuulizia yule ambaye jina lake liliandikwa chini kabisa ya bango, au halikuandikwa kabisa.

Mhariri, salamu. Hapa kwetu kuna ubishi wa muda mrefu kwamba Mzee Jomo Kenyatta aliwahi kuigiza filamu Uingereza pamoja na Paul Robeson. Mimi naona ni porojo. Pia, yule mwanamke aliyecheza kama mke wa Robeson katika filamu hiyo ni nani, na mbona hatumsikii tena? (Msomaji, Nakuru)

Si porojo, ndugu yangu. Filamu yenyewe ni Sanders of the River, iliyoongozwa na Zoltan Korda na kutolewa mwaka 1935. Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa akiishi London kwa fedha za kuungaunga, alipata kibarua cha kuwa miongoni mwa machifu wanaoonekana kwa muda mfupi. Waafrika wengine waliojaza umati katika kijiji cha kubuni kilichojengwa studio walikuwa wanafunzi, mabaharia na watu wa kazi za bandarini. Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, aliichukua kazi ile akiamini kwamba ingeonyesha heshima ya tamaduni za Kiafrika, ambazo yeye mwenyewe alikuwa akizisoma London, Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha alizojifunza. Alipoiona filamu imekamilika na kugundua kwamba imegeuzwa kuwa sifa kwa bwana shauri wa Kizungu, alichukizwa nayo, na katika miaka iliyofuata hakuona haya kulisema jambo hilo hadharani.

Mwanamke unayemuulizia ni Nina Mae McKinney, na kwa maoni yangu habari yake inastahili kurasa nyingi kuliko ya Robeson, ambaye ameandikwa vya kutosha. Alizaliwa katika mji mdogo wa Lancaster, jimbo la South Carolina nchini Marekani, na akafika New York angali mdogo. Mwaka 1928 alikuwa mmoja wa wasichana wa safu ya wacheza dansi katika onyesho la Blackbirds pale Broadway, na hapo ndipo mwongozaji King Vidor alipomwona na kumchagua kuwa mhusika mkuu wa kike katika Hallelujah, filamu ya sauti ya mwaka 1929 ambayo waigizaji wake wote walikuwa weusi. Hakuwa amefikisha hata miaka ishirini. Alimcheza Chick, msichana anayempotosha mhubiri kijana, kwa uchangamfu ambao mpaka leo mtu akiutazama anasahau kwamba sauti za filamu za wakati ule zilikuwa zikikwaruza.

Kampuni ya MGM ilimpa mkataba wa miaka 5, jambo ambalo mwigizaji mweusi hakuwa amelipata katika studio kubwa za Hollywood. Ungedhani mlango umefunguka, kumbe sivyo. Mwanamke mrembo wa filamu alihitaji mwanamume wa kupendana naye kwenye pazia, na studio haikuthubutu kumkutanisha na mwigizaji wa Kizungu, wala haikuwa na nia ya kutengeneza filamu nyingine ya watu weusi watupu, kwa kuwa wenye majumba ya sinema ya Kusini mwa Marekani hawakuzitaka. Kwa hiyo alilipwa na kuwekwa kando, akiazimwa hapa na pale, kama alipopelekwa kucheza mhudumu wa hoteli katika Safe in Hell ya mwaka 1931, ambamo aliimba na kuwafunika wenye majina makubwa.

Alichokifanya ndicho walichokifanya wasanii wengi weusi wa Marekani wa kizazi chake: alivuka bahari. Huko Ulaya aliimba katika kumbi za usiku, akabandikwa jina la Garbo Mweusi, na akaonekana katika matangazo ya mwanzo kabisa ya televisheni ya BBC katika miaka ya 1930. Ndiyo sababu alikuwa karibu Korda alipokuwa akimtafuta wa kumcheza Lilongo, mke wa Bosambo, yule chifu aliyechezwa na Robeson. Aliporejea Marekani alicheza katika filamu za bei nafuu zilizotengenezwa kwa ajili ya watazamaji weusi, ikiwemo The Devil's Daughter ya mwaka 1939 iliyopigwa Jamaika. Mwaka 1949 alipata nafasi fupi lakini kali katika Pinky ya Elia Kazan. Baada ya hapo sinema ikamsahau, naye akafariki New York mwezi Mei mwaka 1967. Kwa hiyo humsikii si kwa sababu kipaji kilimwishia, bali kwa sababu kazi za kukionyesha kipaji hicho hazikuandikwa.

Marehemu babangu alikuwa akisimulia filamu ya rangi iliyohusu Tanganyika, yenye mbung'o, mganga wa kutisha na Mwafrika anayepiga piano. Jina lake ni lipi, na je, waigizaji wake walikuwa Watanganyika? (Msomaji, Tabora)

Filamu hiyo inaitwa Men of Two Worlds. Iliongozwa na Thorold Dickinson na ikatolewa mwaka 1946. Wapiga picha walikuja Tanganyika wakati vita vikiendelea, lakini sehemu kubwa ilikamilishwa katika studio nchini Uingereza. Inamhusu Kisenga, mtunzi wa muziki aliyekaa London miaka 15, ambaye anarudi kwao kusaidia kuwashawishi watu wake wahame eneo lenye malale, na anakabiliana na mganga Magole ambaye anaona uhamisho huo utamwondolea madaraka. Muziki wake ulitungwa na Arthur Bliss, na kipande cha piano alichokiandika kwa ajili ya Kisenga kinaitwa Baraza. Bado kinapigwa na kurekodiwa, ingawa sidhani kama wengi wanaokipiga wamewahi kukaa barazani. Hata kabla haijatoka, wanafunzi wa Afrika Magharibi waliokuwa London waliilalamikia serikali ya kikoloni kwa jinsi Mwafrika wa kijijini alivyochorwa kuwa mateka wa uchawi, na nadhani walikuwa na haki.

Ama waigizaji wakuu, hakuna aliyekuwa Mtanganyika. Kisenga alichezwa na Robert Adams wa Guyana, na Magole alichezwa na Orlando Martins wa Lagos. Wote wawili, kabla ya kuaminiwa na waongozaji, walikuwa wakijipatia riziki London kwa kupigana mieleka.

Martins alizaliwa mwaka 1899 na aliingia Uingereza kijana, akatumikia meli za biashara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita alifanya kila kilichojitokeza: alipigana mieleka kwa jina la Black Butcher Johnson, alifanya kazi ya upagazi, alicheza na nyoka kwenye sarakasi, na alisimama nyuma ya wacheza bale wa Kirusi kama mtu wa kujaza jukwaa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa mwimbaji wa kundi katika onyesho la muziki la Show Boat, na mwaka 1936 alicheza katika tamthilia ya C. L. R. James juu ya Toussaint L'Ouverture, mkombozi wa Haiti, ambayo Robeson ndiye aliyekuwa mhusika mkuu wake. Alikuwa na kifua kipana na sauti nzito inayotoka chini kabisa, na vitu hivyo viwili vilimpa kazi lakini pia vilimfunga, kwani mwongozaji akihitaji chifu, mganga au mlinzi, alimwita Martins. Nafasi iliyompa umaarufu wa kweli ilikuwa ya Blossom, askari wa Kiafrika katika The Hasty Heart, aliyoicheza kwanza jukwaani na kisha katika filamu ya mwaka 1949 pamoja na Richard Todd na Ronald Reagan, yule ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani. Blossom haelewi Kiingereza na karibu hasemi lolote, hivyo mwenye sauti kubwa kuliko wote akapata sifa kwa kunyamaza. Mwaka 1959 alirudi kuishi Nigeria, na alipokuwa na miaka zaidi ya 70 alicheza katika filamu zilizotokana na kazi za Wole Soyinka na Chinua Achebe, yaani mwishoni aliigiza Afrika iliyoandikwa na Waafrika. Alifariki Lagos mwaka 1985.

Adams alikuwa na hulka nyingine. Hakungoja kuitwa. Mwaka 1938 aliongoza waigizaji katika The Emperor Jones iliyoonyeshwa na televisheni ya BBC, na mwaka 1944 alianzisha kikundi cha maigizo cha watu weusi nchini Uingereza, Negro Repertory Arts Theatre, wakati ambapo kupata fedha za kazi kama hiyo kulikuwa karibu na muujiza. Mwaka huohuo wa 1938 alikubali pia kumcheza Bosambo katika Old Bones of the River, kichekesho kilichoidhihaki filamu ileile ya Korda. Ukiniuliza mimi, dhihaka hiyo ina ukweli mwingi kuliko iliyodhihakiwa.

Hapa Songea tunaambiwa kwamba Mzee Rashidi Kawawa alikuwa mwigizaji kabla ya siasa. Tafadhali thibitisha. (Msomaji, Songea)

Ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa mtumishi wa serikali katika idara ya maendeleo ya jamii, Kawawa aliigiza katika filamu za Kiswahili zilizotengenezwa kwa ajili ya watazamaji wa Tanganyika, na inayokumbukwa zaidi ni Muhogo Mchungu. Filamu za aina hiyo zilizungushwa kwa magari ya sinema na kuonyeshwa bure uwanjani, kwa hiyo uso wake ulifika vijijini kabla ya siasa zake kufika. Baadaye akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Januari 1962 akashika uwaziri mkuu Mwalimu Nyerere alipojiuzulu ili aimarishe chama. Wasomaji wanaokumbuka jinsi Kawawa, yule Simba wa Vita, alivyoweza kuushika mkutano wa hadhara kwa saa nzima wataamua wenyewe kama kamera ilimfundisha lolote.

Mume wangu anashikilia kwamba mzee aliyecheza rais wa nchi ya Kiafrika katika The Interpreter ndiye aliyecheza Daktari Karanja katika ile filamu ya Mau Mau iitwayo Simba. Mimi nakataa, maana kati ya filamu hizo kuna miaka 50, na Karanja naamini alikuwa Mkenya halisi. Tuamulie. (Msomaji, Mombasa)

Dada yangu, ushindi ni wa mume wako katika hoja zote mbili. Mwigizaji huyo ni Earl Cameron, mzaliwa wa Pembroke, Bermuda, mwaka 1917. Alifika London mwaka 1939 akiwa baharia, akaosha vyombo mahotelini, na wakati wa vita akamwomba rafiki yake aliyekuwa katika onyesho la muziki la Chu Chin Chow amsaidie kupata nafasi. Baadhi ya waigizaji hawakuwa wametokea kazini, naye akasukumwa jukwaani. Alipoona kwamba matamshi yake yanamzuia, alikwenda kufundishwa sauti na Amanda Aldridge, binti wa Ira Aldridge, mwigizaji mweusi wa Marekani aliyetamba Ulaya kwa tamthilia za Shakespeare katika karne ya 19.

Mwaka 1951 alipata nafasi kubwa katika Pool of London, akicheza baharia wa Jamaika anayeelewana na msichana wa Kizungu, jambo ambalo sinema ya Uingereza haikuwa imezoea kulionyesha. Simba ikafuata mwaka 1955. Humo anamcheza tabibu msomi ambaye walowezi hawamwamini, ilhali kiongozi wa siri wa wapiganaji ni baba yake mwenyewe, anayechezwa na, nani tena, Orlando Martins. Mandhari zilipigwa Kenya, lakini waigizaji wakuu walifanya kazi yao studio Uingereza. Filamu inawatazama Mau Mau kwa macho ya walowezi tu, na Cameron ndiye karibu peke yake anayeipa mizani kidogo, kwa utulivu wake.

Baadaye alikuwa jasusi Pinder katika Thunderball, filamu ya James Bond ya mwaka 1965, na mwaka uliofuata mwanaanga katika kipindi cha televisheni cha Doctor Who. Kisha aliiacha fani kwa miaka mingi na kwenda kuishi Visiwa vya Solomon kwa ajili ya dini yake ya Bahá'í, na hiyo ndiyo sababu ya pengo linalokufanya udhani ni watu wawili. Alipoitwa kumcheza Rais Zuwanie katika The Interpreter, iliyotolewa mwaka 2005, alikuwa na miaka zaidi ya 85. Lugha ya nchi ile ya kubuni ilitungwa kwa kuchanganya misingi ya Kiswahili na ya Kishona, kwa hiyo ukiisikiliza tena kwa makini unaweza kuambulia maneno mawili matatu. Cameron alifariki Uingereza mwezi Julai 2020, akiwa na miaka 102.