Anza na Super Mario Bros.

Ndugu yangu, unauliza kama gemu za zamani za kukimbia na kuruka bado zinamfaa mtu aliyezoea gemu za simu. Zinafaa sana! Chukua Super Mario Bros. ya Nintendo, ya mwaka 1985. Hatua ya kwanza haina hata mstari mmoja wa maelezo, lakini inafundisha: adui anakujia taratibu, usiporuka unakufa. Ukigusa kitufe, Mario, mhusika unayemwongoza, anaruka kidogo, ukikishikilia, anapaa. Ukikosea ni kidole chako, na hakuna anayekuuzia uhai wa ziada (hilo ndilo ninalolipenda zaidi). Tafuta padi ya kuchezea gemu, yenye vitufe halisi, maana kwenye kioo cha simu mruko hupoteza utamu wake wote.