Muziki wa chinichini na msamiati wa watoto

Je, kumwekea mtoto muziki wa chinichini humsaidia kujifunza maneno ya lugha ya kigeni, tuseme Kifaransa? Mh, kwa ushahidi uliopo, santuri inayolia chinichini wakati mtoto anakariri maneno ya Kifaransa haimsaidii sana, na ikiwa ina mtu anaimba inaweza kumvuruga. Maneno ya wimbo na yale anayojifunza yanagombea nafasi ileile ya kumbukumbu ya muda mfupi. Watafiti wa saikolojia Salamé na Baddeley waliliona hilo mwaka 1989: wimbo wenye sauti ya mtu uliharibu kukumbuka zaidi kuliko muziki wa ala tupu.

Zile habari kwamba kusikiliza muziki wa Mozart huongeza akili zilitokana na jaribio la 1993 lililofanyiwa wanafunzi wa chuo kikuu, tena kwa mafumbo ya maumbo. Lugha haikuwemo kabisa.

Kinachosaidia ni kuimba hayo maneno yenyewe. Watafiti wa Edinburgh (utafiti ulichapishwa 2014) waliwafundisha watu vifungu vya Kihungari. Waliojifunza kwa kuviimba waliweza kuvitamka tena vizuri kuliko waliovisema tu. Ila hao walikuwa watu wazima, kwa hiyo usiyachukue matokeo yote ukambandika mtoto.

Hata hivyo sisi tuliopita madrasa hatuhitaji kushawishiwa sana. Kasida za Kiarabu za utotoni bado ziko kichwani neno kwa neno, ingawa nusu yake maana tuliijua ukubwani. Kwa hiyo akishaimba, muulize pia neno linamaanisha nini.