Dawson City kwa gari la kukodi: soma mkataba kabla hujagusa Dempster

Mkuu, umeuliza ulale wapi Dawson, ule mji wa dhahabu wa Yukon, Kanada, mwanzoni mwa Septemba, ubebe nguo gani, dhahabu inachekechwa wapi, na kama SUV ndogo ya kukodi Whitehorse inaweza "kuingia kidogo Dempster", ile barabara kuu ya changarawe iendayo kaskazini, kuona milima ya Tombstone. Hilo "kidogo" ndilo limenitoa mafichoni. Kidogo yangu ilikula tairi mbili, kioo cha mbele na bili ya kuvutwa ambayo mke wangu huikumbusha kila nikitamka neno safari.

Whitehorse hadi Dawson ni kilomita 530 na ushee, lami karibu yote. Jaza mafuta Carmacks, ongeza Pelly Crossing. Hapo SUV yako inatosha kabisa.

Balaa liko njia panda ya Dempster, kilomita 40 kabla ya Dawson. Mwanzoni kuna kipande kifupi cha lami cha kukulaghai, kisha inaanza changarawe ya mwamba uliopasuka, yenye ncha kama vigae vya chupa. Tairi za magari ya kukodi ni za lami, mbavu zake nyembamba. Jiwe likichana ubavu, ile kamba ya kuzibia pancha haisaidii kitu. Unataka tairi zilizoandikwa LT (za malori madogo), za ply 10, yaani zenye mbavu ngumu, na spea MBILI za saizi kamili. Ile spea nyembamba iliyo kwenye buti ni ya kwenda nayo sokoni. Beba ubao wa kuweka chini ya jeki, la sivyo jeki inazama na gari linabaki pale pale. Beba pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye gari, na kifaa cha setelaiti, maana simu haishiki. Kituo cha kwanza cha mafuta ni Eagle Plains, kilomita 369 kutoka njia panda.

Barabara yenyewe ni tuta la changarawe lililoinuliwa ili ardhi iliyoganda chini yake isiyeyuke. Ndiyo maana kingo ni laini. Ukikwepa lori ukatoka sana, gurudumu la kulia linadidimia na gari linalala ubavu. Lori likija, punguza mwendo kabisa, shika kulia bila kugusa ukingo. Mvua ikinyesha, ile chumvi ya kalsiamu inayomwagwa kuzuia vumbi inageuka utelezi kama wa sabuni.

Sasa kijana wa kaunta ya kukodisha magari. "Umechukua bima kamili, usiwe na wasiwasi." Bima kamili ya nini, ndugu yangu? Ukurasa wa nyuma, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: ukitoka kwenye lami, bima imekufa. Si tairi na kioo tu, ni yote, pamoja na kuvutwa hadi Whitehorse. Bima ya kadi ya benki nayo kwa kawaida inaruka hapo hapo, kwa sababu umevunja mkataba. Kijana alikuwa anatabasamu muda wote. Simsahau.

Kwa hiyo: ruhusa ya MAANDISHI ndani ya mkataba, inayotaja Dempster kwa jina. "Meneja amesema sawa" si ruhusa. Wapo wakodishaji Whitehorse wenye pikapu za kazi hiyo, spea mbili tayari. Ni ghali, lipa tu.

Na usijione salama ukiwa mjini. Mitaa mingi ya Dawson ni ya udongo mpaka leo, na kwenda Dredge No. 4, ule mtambo wa kuchimbua dhahabu, unapita changarawe kando ya kijito cha Bonanza. Waandike na hiyo. Ukivuka mto Yukon kwa kivuko cha bure kuelekea Alaska, ni hadithi ile ile ya changarawe, tena mpaka wa juu kule hufungwa katikati ya Septemba, na kwa pasipoti zetu hizi bila viza ya Marekani utageuzwa.

Dhahabu: Claim 6, kiwanja cha kuchekecha kwenye kijito cha Bonanza, bure, nenda na karai lako. Kijito hichohicho ndicho kilichoanzisha vurugu zote za kukimbilia dhahabu mwaka 1896.

Nguo, beba koti. Pa kulala tutaongea. Kwanza piga picha ukurasa wa nyuma wa mkataba wako, uubandike hapa.