Karatasi mbili mezani

Swali lenu la wiki hii: "Je, dodoso la haiba linamsaidia mtu kujielewa na kuelewana na wenzake kazini?" Linasaidia, nami ni shahidi. Pia linaweza kuumiza, na aliyeumiza nilikuwa mimi.

Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi. Miaka michache iliyopita tuliletewa mwezeshaji, tukashinda siku nzima na dodoso la DISC, moja ya madodoso ya haiba, yaani ya kupima tabia ya mtu. Msingi wake ni mawazo ya William Moulton Marston, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeyaandika mwaka 1928. Dodoso lenyewe walilitunga wengine baada yake. Unachagua maneno yanayokufanana na yasiyokufanana, kisha unaonyeshwa unaegemea wapi kati ya mitindo minne: msukuma mambo, mshawishi, mtulivu, na makini. Mimi nilitoka msukuma mambo. Dada mmoja aliyenizidi umri, ambaye tulikuwa hatuivi chungu kimoja, alitoka makini.

Ugomvi wetu ulikuwa wa makabidhiano ya zamu. Yeye hapokei wodi mpaka apite kitanda kwa kitanda, asome chati ya uchungu ya kila mama, ahesabu dawa. Mimi nilikuwa nakabidhi mlangoni, mkoba begani: wamejifungua wanne, mmoja wa kufuatilia, kwaheri. Niliona ananikagua kama mwanafunzi. Kumbe naye aliona namtupia mzigo. Karatasi zetu mbili zilipowekwa mezani tulizungumza jambo hilo bila hasira kwa mara ya kwanza. "Mdogo wangu," aliniambia, "nisipoona kwa macho yangu, hata nikifika nyumbani usingizi haunijii." Miaka yote hiyo sikuwahi kumwuliza.

Lakini dodoso lilituonyesha tu kwamba tunatofautiana. Nani yuko sahihi, tulilazimika kuamua wenyewe, kwa kumfikiria mama aliye kitandani. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hana muda na mtindo wangu. Njia ya dada ndiyo salama, kwa hiyo wodi nzima sasa tunakabidhiana vitandani, msukuma mambo na mtulivu pamoja. Wawezeshaji hupenda kusema kila mtindo ni mzuri. Kwa watu, nakubali. Kwa kazi, zipo kazi zenye njia yake.

Sasa kosa langu. Muuguzi kijana alitoka mtulivu, na maelezo yake yalisema hapendi maamuzi ya haraka. Bila kutangaza, nikaacha kumpanga kuongoza zamu za usiku. Miezi ikapita. Siku moja akaniuliza taratibu, "Sista, nilikosea wapi?" Sikuwa na jibu, maana hakuwa amekosea popote. Nilikuwa nimeiamini karatasi kuliko macho yangu.

Ndipo nikaanza kusoma. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake dodoso, kisha akampa kila mmoja maelezo ya tabia yake. Waliyapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, mengi yakiwa yametoka kwenye kitabu cha unajimu, cha kubashiri kwa nyota! Nikasoma pia kuhusu Myers-Briggs, kipimo maarufu kinachogawa watu katika aina 16, kilichotungwa na mama na bintiye kutokana na maandishi ya mwanasaikolojia Carl Jung ya mwaka 1921. Hata wanaokisimamia wanaonya kisitumiwe kuajiri. Watafiti wengi leo hupima sifa tano za tabia kwa viwango, kama unavyopima joto, kwa sababu watu wengi wako katikati, si pembeni.

Mwaka jana tulirudia dodoso la DISC, kwa masharti yetu. Kila mtu alisoma majibu yake mwenyewe kwa sauti na kukata kwa kalamu lisilo la kweli. Wengine waliruhusiwa kuuliza tu. Karatasi zilikwenda nyumbani na wenyewe. Hakuna iliyoingia kwenye faili.

Yule kijana alikata mstari wa maamuzi ya haraka. Pembeni akaandika: "Naamua haraka nikiwa nimefanya mazoezi." Tukaanza mazoezi ya dharura kila Jumatano mchana, na mwezi uliofuata nikamrudisha kwenye orodha ya viongozi wa zamu ya usiku.